Mkono Huja Mwisho

Fundi anayejua kupiga plasta hujulikana kabla udongo haujagusa ukuta. Ubao wa udongo umekaa mkono wa kushoto, mwiko uko kulia. Anachota, anauvuta mwiko mpaka upande wa kushoto wa kifua chake, bega la kulia likiwa limegeukia ukuta, kisha mkono unarudi kulia na mgongo wa kiganja ndio unaotangulia. Karibu na mwisho wa safari hiyo fupi mwiko unasimama ghafla. Udongo hausimami. Unatoka kwenye bapa la mwiko ukiwa mzima, unapita hewani kidogo tu, unapiga ukuta kwa mlio mmoja mzito na kubaki pale pale ulipotua.

Wapita njia husifu ukuta uliokwisha kunyooshwa. Husifu timazi, pima maji na rula ndefu iliyopitishwa juu yake, na sifa hizo ni za haki. Mimi navutiwa zaidi na ule mrusho. Ukirushwa kwa ulegevu, udongo hushika juu juu, hewa hubaki nyuma yake, na baada ya muda ukigonga pale kwa kidole unasikia uwazi. Siku moja kipande kizima kinabanduka. Ukirushwa kwa hasira, nusu yake inaruka na kurudi miguuni, na saidia fundi anabaki akichekecha saruji ya mwenye nyumba kutoka mchangani. Kati ya hayo mawili upo mrusho mmoja ulio sawa, na fundi anaurudia tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri bila kulalamikia bega. Bega halimuumi kwa sababu halifanyi kazi tunayodhani linafanya. Shusha macho uangalie viatu vyake. Uzito unahama kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia, kiuno kinageuka, bega linafuata kiuno, kiwiko kinafuata bega. Kiganja kinakuja mwisho wa wote.

Pongwe inamfaa mtu anayetaka kuzoeza macho yake kuona jambo hili. Tuko ndani ya Jiji la Tanga lakini bahari hatuioni. Tumekaa kwenye barabara ya kwenda Segera, juu ya ardhi ya mawe ya chokaa, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita hapa ikielekea Muheza. Kiwanda cha Tanga Cement kipo nasi tangu 1980, na mifuko ya Simba ya kilo 50 imetoka hapa kwenda kujenga sehemu kubwa ya kaskazini mwa nchi. Palipo na saruji hapakosi mafundi, na palipo na mafundi hapakosi vijana waliosimama kando na chepe mkononi, wakitazama.

Mrusho wa fundi una ndugu yake uwanjani. Ni mrusho wa kisahani cha plastiki unaorushwa kwa mgongo wa mkono, ambao wachezaji wa gofu ya visahani wameuchunguza kwa nusu karne, kiungo kwa kiungo, kwa subira ya mtu anayesoma kitabu cha sheria. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Badala ya mpira na fimbo, una kisahani. Badala ya shimo, kuna kikapu cha chuma kilichosimama juu ya nguzo na kuning'inizwa minyororo ya kukidaka kisahani. Unaanzia mahali palipowekwa alama, unarusha, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena. Aliyefika kikapuni kwa mirusho michache ndiye mshindi. Kisahani cha kurusha mbali kina upana wa sentimita 21 hivi, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 150 na 175. Kile cha riadha ambacho watoto wetu wanakijua shuleni ni kitu kingine kabisa: cha wanaume kina kilo 2.

Historia yake ni ya Marekani. Walter Frederick Morrison ndiye aliyebuni kisahani cha plastiki ambacho kampuni ya Wham-O ilianza kukiuza mwaka 1957. Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, ndiye aliyebuni kikapu cha minyororo, na mwaka 1976 akaanzisha chama cha wachezaji kinachosimamia mchezo huu hadi leo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki na kutengenezwa visahani, kama alivyokuwa ametaka. Kwetu maiti husitiriwa kaburini, na nisingependa iwe vinginevyo. Hata hivyo nayaona mapenzi ya mtu huyu kwa kitu alichokitengeneza, na nayaheshimu.

Hayo ni ya mchezo. Kilichonifanya niandike ni mrusho wenyewe, na huo unataka kuelezwa polepole.

Mrushaji wa mkono wa kulia huanza akiwa ameligeuzia lengo bega lake la kulia. Anapiga hatua chache za kando. Katika hatua iliyo kabla ya ile ya mwisho, mguu wa kushoto unapita nyuma ya wa kulia, na hapo kiuno na mabega vinageuka mpaka mgongo unakaribia kulitazama lengo. Mkono wenye kisahani umenyooka nyuma, mbali na lengo. Anayeanza hudhani kazi yake ni kukivuta kisahani nyuma kwa nguvu. Aliyebobea anauacha mkono pale ulipo, na mwili ndio unaoondoka kwenda mbele.

Kisha mguu wa kulia unatua. Vidole vinagusa kwanza, kisigino kinafuata, na kisigino kikishaikanyaga ardhi, mwendo wote uliokuwa ukienda mbele unazuiliwa pale. Hauna pa kwenda ila kupanda. Goti linakaza, nyonga inageuka, nyonga inavuta mbavu, mbavu zinavuta bega. Kisahani bado kiko nyuma. Kiwiko kinakuja mbele ya kifua kikiwa kimekunjwa karibu pembe mraba, na kisahani kinapita karibu na kifua kwa mstari ulionyooka kuelekea lengo. Sasa kiwiko kinapunguza mwendo, na kwa sababu kimepunguza, kigasha kinafunguka kwa kasi ambayo msuli wa mkono peke yake usingeweza kuitoa. Kifundo kinafyatuka. Vidole, vilivyokuwa vimekishika kisahani kwa upole njia nzima, vinabana ukingo, na kisahani kinajichomoa chenyewe. Tangu mguu kutua mpaka kisahani kutoka hakupiti hata nusu sekunde.

Humo ndimo ulimo uzuri unaonishika. Kila kiungo kinapata kasi kwa sababu kilichotangulia kimekubali kusimama. Mguu ukisimama, nyonga inaruka; bega likisimama, kiwiko kinaruka; kiwiko kikisimama, kiganja kinaruka. Ni jambo lile lile la mwiko kusimama na udongo kuendelea na safari. Mwenye haraka hawezi kulifanya, maana haraka hukivusha kiganja mbele ya kiwiko na kiwiko mbele ya nyonga, na kinachobaki ni mkono mmoja mpweke unaofanya kazi ya mwili mzima. Tafuta video za Kristin Tattar wa Estonia, bingwa wa dunia wa mwaka 2022 na 2023. Kwa sehemu kubwa ya mrusho wake utaona kama mkono umelala. Unaamka mwishoni tu, na wakati huo kila kitu kimekwisha kuamuliwa chini, miguuni.

Mwaka 2016, katika jangwa la Nevada, David Wiggins Jr. alirusha kisahani mita 338, upepo mkali ukimsukuma mgongoni. Ni zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyounganishwa kwa urefu, na kilichokwenda umbali huo ni kipande cha plastiki kisichofikia robo kilo. Upepo ulisaidia sana, lakini upepo haumsaidii mtu aliyekitoa kisahani kikiwa kinatetemeka.

Kutetemeka huko kunatuleta kwenye mzunguko, na mzunguko unatuteremsha pwani.

Kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kupinduka. Ndiyo sababu kisahani kilichotoka vizuri hukaa bapa hewani na kupasua upepo kwa ukingo wake. Kilichorushwa na mkono wa kulia kwa namna hii huzunguka kufuata mwelekeo wa mishale ya saa ukikitazama kutoka juu, na kasi yake ikipungua huanza kuinamia kushoto. Mchezaji mzuri huliweka hilo akilini kabla hajarusha: anakitoa kidogo kulia mwa lengo na kukiacha kirudi chenyewe.

Wavuvi wa Tanga wana elimu ya mzunguko iliyo ya zamani kuliko plastiki yoyote. Teremka Sahare, au uende Tongoni, maji yakiwa yanaanza kujaa na mkizi wanaingia kwenye kina kifupi kando ya mikoko. Mtupaji wa kimia amesimama majini mpaka magotini. Kamba ameifunga kifundo cha mkono. Nusu ya kimia ameikusanya mkono mmoja, nusu nyingine mkono wa pili, na sehemu ya ukingo wenye risasi huenda ameiuma kwa meno. Anasubiri. Anachokitafuta ni kivuli, au maji yaliyokunjamana mahali pasipo na upepo. Halafu anageuka, anaipa bahari bega, karibu anaipa mgongo, na kwa muda mfupi mzigo wote wa nyavu unakuwa nyuma yake. Miguu haiondoki. Kiuno kinarudi, mikono inafuata kiuno, mdomo unaachia, na lile fundo la nyuzi lililokuwa zito na lenye maji linafunguka hewani likawa duara.

Kinachoifungua duara ile ni risasi. Zikizungushwa, kila moja inataka kukimbia mbali na kitovu, na zikikimbia zote pamoja nyavu inatanda. Asiyezungusha anatupa bonge. Anayezungusha kwa mikono tu anapata umbo la ndizi, upande mmoja umefunguka na mwingine umejikunja, na samaki wanapitia penye mkunjo. Duara kamili hutoka kiunoni. Halafu ukingo wote lazima uguse maji kwa wakati mmoja, maana risasi zikitua upande huu kabla ya upande ule, mkizi wamekwisha kuondoka. Mkizi ni samaki mwepesi wa kushtuka, anaruka juu ya maji kwa kitu kidogo, na kumfunika kunadai utulivu ambao mtu huupata baada ya misimu mingi ya kusi na kaskazi.

Anayejifunza kimia hufanya vyema kuanza nchi kavu, kwenye mchanga. Mchanga hausemi uongo: risasi huacha alama zake, na ukiinua nyavu unaliona umbo ulilolitupa. Sijui mwalimu mkali kuliko huo. Warushaji wa visahani wamepata mwalimu wa namna hiyo katika kisahani chenyewe, hasa kile cha ukingo butu kinachotumika kurusha karibu na kikapu. Kile cha kwenda mbali, chenye ukingo mwembamba kama wa sinia, kinaweza kuficha kasoro kwa muda. Hiki butu hakifichi. Ukikitoa vibaya hata kidogo kinatikisika mbele ya macho yako, na kila aliyesimama kando anaona.

Kwa hiyo anayetaka kuurekebisha mrusho wake hurudi kwenye kisahani hicho, nguvu akizipunguza mpaka nusu, na hatua akiziacha kabisa. Anasimama, anapanua miguu, anarusha. Kasoro zinazojitokeza hapo zinafanana dunia nzima. Ya kwanza ni mkono kukumbatia kifua: sehemu ya juu ya mkono inaangukia mbavuni, kisahani kinapita kwa kuzunguka mwili badala ya kupita kwa mstari, na mtu hajui tena kitatokea wapi; leo kulia, kesho kushoto. Tiba yake ni kukiacha kiwiko kitangulie mbele ya kifua, kiwe na nafasi. Ya pili ni ukingo wa mbele kuangalia juu. Kisahani kinapanda vizuri, kinapendeza, halafu kinasimama hewani na kuangukia karibu, na mrushaji anaamini amekosa nguvu wakati alichokosa ni kukiinamisha kifundo kidogo tu na kuuweka ukingo sawa na njia ya mkono. Watu wamehangaika miaka na kasoro hii wakijenga misuli isiyohitajika.

Ya tatu ni macho. Tunataka kuona tunakopeleka kitu, na tamaa hiyo inaigeuza shingo mapema, shingo inalifungua bega, bega likishafunguka hakuna tena kilichohifadhiwa nyuma. Mrushaji aliyekomaa analiacha lengo kwa kitambo. Anageuza uso pamoja na mabega, anakubali kutoliona, na kichwa kinarudi wakati mwili unarudi. Naiona hii kuwa sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu inataka mtu aamini kwamba lengo bado lipo pale alipoliacha.

Ipo pia kasoro ya goti, na hii haihusu umbali. Mguu wa mbele ukikwama ardhini wakati mwili unaendelea kuzunguka, goti ndilo linalosokotwa. Mwenye kujitunza huuacha mguu ugeukie kwenye kisigino baada ya kisahani kutoka, na mkono uende mpaka uishe mwendo wake wenyewe. Fundi wa plasta hana shida hii kwa sababu mrusho wake ni mfupi, lakini mtazame mzee wa kazi hiyo: hata yeye anaachia kisigino.

Je, mtu anajifunzaje haya akiwa mahali ambapo hakuna wa kumfundisha? Afrika Mashariki ina jibu lake, na jibu hilo lina jina: Julius Yego.

Alizaliwa mwaka 1989 huko Nandi, Kenya, nchi ya wakimbiaji, ambako kijana mwenye kipaji hupewa viatu na kuonyeshwa barabara. Yeye alitaka mkuki. Kocha wa mkuki hakuwapo. Akaenda kwenye mgahawa wa intaneti na kufungua video za YouTube, akamtazama Jan Železný wa Cheki, mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48 tangu 1996, na Andreas Thorkildsen wa Norway, bingwa wa Olimpiki wa 2004 na 2008. Aliwatazama, akaenda uwanjani, akarudi kuwatazama tena. Dunia ilipomjua ikampa jina la mtu wa YouTube, na wengi walilichukua kama kichekesho kizuri cha kusimulia. Mimi nakiona kitu kizito zaidi. Yego alikuwa saidia fundi wa Železný. Kijana anayechanganya udongo pale Pongwe hafundishwi kurusha. Hakuna fundi anayesimamisha kazi kumweleza habari za nyonga na kiwiko. Anapewa chepe, anapewa karai, na macho yake yanabaki huru. Siku fundi anapokwenda kula, kijana anauchukua mwiko.

Kutazama kwa namna hiyo ni kazi yenyewe, na wanaoidharau hawajaijaribu. Video inakuonyesha mguu uko wapi na mkono uko wapi. Haikuonyeshi wakati: kwamba mguu umetua kwanza na mkono umesubiri. Hilo unalipata kwa kuirudisha nyuma, kuisimamisha, kuiendesha polepole, kisha kuutafuta mwilini mwako mpaka uupate. Na mkuki, ingawa hupita juu ya bega na kisahani hupita mbele ya kifua, unaitii sheria ile ile. Mrushaji wa mkuki naye ana hatua za kukatiza, ila mguu wake hupita mbele ya mwenzake pale ambapo wa kisahani hupita nyuma. Naye huacha silaha yake nyuma na kuutanguliza mwili. Naye hukita mguu wa mbele, kwake ukiwa wa kushoto, na kuukaza, na kutoka hapo nyonga, kifua, bega, kiwiko na kiganja vinafuatana kwa zamu.

Mwaka 2011 Yego alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo. Baada ya hapo akapata nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, akafunzwa na Petteri Piironen. Na Finland ni nchi inayoupenda mkuki kama sisi tunavyopenda mpira. Mwaka 2012 London alifika fainali ya Olimpiki. Mwaka 2013 Moscow alikuwa wa nne duniani. Mwaka 2014 Glasgow alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Ukizipanga hatua hizo utaona hakuna iliyorukwa.

Halafu ikaja Beijing, tarehe 26 Agosti 2015, fainali ya mashindano ya dunia, mrusho wake wa tatu. Mkuki wa gramu 800 ulikwenda mita 92.72, rekodi ya Afrika, na Mkenya akawa bingwa wa dunia katika mchezo wa riadha usiokuwa wa mbio kwa mara ya kwanza. Aliyemfuatia alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri, kwa hiyo nafasi mbili za juu zilikaa Afrika. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya Yego akianguka kifudifudi baada ya kuachia, viganja vikipiga sakafu ya uwanja. Ni picha nzuri. Lakini rudisha video hiyo kidogo, kabla hajaanguka, uisimamishe pale mguu wa kushoto unapokita. Kifua kimetangulia, mkono uko nyuma kabisa, umenyooka, na mkuki haujaanza safari. Mbele ya watu wale wote, katika mrusho mkubwa kuliko mingine yote ya maisha yake, mkono ulisubiri.

Mwaka uliofuata alipata fedha ya Olimpiki kule Rio kwa mita 88.24. Paris 2024, akiwa na miaka 35, bado alirusha mita 87.72 na kumaliza wa tano. Nguvu za ujana hazidumu miaka kumi na zaidi. Ufundi uliojengwa kutoka miguuni unadumu.

Nimesema haya kwa ajili ya walimu wa michezo wa Pongwe na wa Tanga nzima. Kila mwaka watoto wetu wanakwenda kwenye michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, wapo wanaorusha tufe, kisahani na mkuki, na wengi wao huchaguliwa kwa unene wa mkono. Mkono mnene ni neema, lakini mnawaacha nje watoto wembamba wenye miguu inayojua kusimama. Wekeni simu juu ya jiwe, mpige video ya mtoto akirusha, mmwonyeshe polepole mahali mkono ulipomtoroka. Hakuna haja ya kusubiri vifaa. Kifuniko cha ndoo ya rangi kina ukingo, ni bapa, kinazunguka, na kitamwambia mtoto ukweli hewani kabla ya ninyi kufungua mdomo. Mpelekeni pia akamtazame fundi wa plasta kwa saa moja, na Jumamosi mpande daladala mteremke naye Sahare maji yakianza kujaa, mkasimame nyuma ya mtupaji wa kimia, mahali kiuno chake kinapoonekana.

Kwa wiki za kwanza arushe akiwa amesimama, kwa nusu ya nguvu zake. Hatua afundishwe baadaye, kisahani kikishaacha kutetemeka.